Drateru Concy: Miaka Ishirini na Sita ya Kumsoma Ng'ombe Ndani ya Maziwa

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa sita na robo mchana, Bi. Drateru Concy alitundika koti lake jeupe kwenye msumari wa chumba cha kupimia maziwa, kituo cha Koboko, akatia sahihi daftari la mahudhurio, na kwa sahihi hiyo akafunga miaka ishirini na sita na miezi minne ya utumishi katika Ushirika wa Maziwa wa Enyau. Alianza Jumatatu na amemaliza Jumatatu. Katikati hapo amechukua likizo ya ugonjwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi kabla ya siku aliyoandikiwa na daktari.

Kamati ya sherehe ya kumuaga imemwomba Dumo, karani wa mapokezi ambaye amefanya naye kazi tangu mwaka 2003, aandike kurasa chache za kuwekwa kwenye ratiba ya Jumamosi. Maagizo ya kamati yalikuwa mawili: yawe mafupi, yawe ya furaha. Mama Concy, kama tunavyomwita wote hapa, naye alitoa agizo lake: kisa cha mwaka 2009 kisirukwe. Karani ameona heri kumtii Mama Concy. Kamati itabadilishwa mwakani, yeye tutaendelea kuishi naye.

Alipoajiriwa, vifaa vyake vyote vilienea ndani ya mfuko mmoja wa shule: laktomita, kipimajoto, chupa ya spiriti na, cha nne, pua yake. Laktomita, kwa wageni wetu wasioijua, ni kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa mazito hukiinua, mepesi hukizamisha. Kikisoma kati ya ishirini na saba na thelathini na mbili, mkebe unapokelewa. Kikisoma chini ya hapo, watu huanza kumtazama mwenye mkebe. Kuhusu pua, inatosha kusema kwamba mkulima mmoja aliwahi kuleta maziwa ndani ya dumu lililokuwa na mafuta ya taa miezi mitatu nyuma, akiwa ameliosha kwa majivu mara nne. Mama Concy alifungua kifuniko, akakifunga, akamwambia arudi nyumbani akaliwekee mche wa maua.

Mwaka 2006 tulipata chombo cha kupima mafuta ya maziwa. Kilitumia asidi kali, ambayo ilitoboa koti la Mama Concy matundu saba yanayoonekana hadi leo, na sinia la chuma la kuzungushwa kwa mkono, chupa za maziwa zikiwa juu yake, mpaka mafuta yajitenge. Injini ya sinia hilo ilikuwa mkono wa kulia wa karani. Kwa kuwa asidi ilikuwa adimu, mafuta yalipimwa Jumatano tu. Namba za laktomita zilikaa kwenye daftari la Mama Concy, juu ya meza yake. Namba za mafuta zilikaa kwenye daftari la karani, ndani ya droo. Madaftari hayo mawili yaliishi chumba kimoja kwa karibu miaka mitatu bila kujuana.

Ulikuwepo pia ubao. Ubao mweusi ulining'inia nje ya kituo cha Koboko, na juu yake liliandikwa kwa chaki jina la kila aliyeleta maziwa yenye maji. Kila asubuhi kabla ya kupokea mkebe wa kwanza, karani aliusoma ubao kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Wazo lilikuwa la Mama Concy mwenyewe, na lilifanya kazi vizuri sana. Watu waliomwogopa Mungu kidogo tu waliuogopa ubao kweli kweli. Aliyelalamika aliambiwa kwamba chombo hakijui jina la mtu. Mama Concy aliyapenda maneno hayo, akayarudia mara nyingi.

Basi, kisa chenyewe.

Poni ni mkulima wa Kuluba, wa mihogo na simsim. Mwaka 2007 alipewa mtamba kwenye mpango wetu wa mzunguko. Sharti la mpango ni kwamba anayepewa naye atatoa ndama jike wa kwanza kwa mwanachama anayefuata. Mtamba huyo alifika kwake siku ya Alhamisi, akamwita Kamisi. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Kamisi aliwasikia: alizaa dume, na Januari 2009 akazaa dume tena. Aliyekuwa akisubiri zamu yake alikuwa Adrabo, katekista wa Dadamu, mtu mpole, lakini miaka miwili ni miaka miwili.

Januari ile nyasi zote za Kuluba zilikuwa zimeungua. Poni alileta maziwa ya Kamisi, laktomita ikasoma ishirini na tano. Wiki iliyofuata, ishirini na tano. Wiki ya tatu, ishirini na nne na nusu. Poni alisimama mbele ya meza na kusema maneno ambayo karani anayakumbuka yote: "Mimi hapana weka maji. Kuja kwangu asubuhi, simama karibu, angalia nakamua." Mama Concy alimjibu kwamba chombo hakijui jina la mtu. Karani akachukua chaki.

Jina la Poni lilisomwa asubuhi kumi na tisa mfululizo. Kwa kanuni za mpango wa mzunguko, mwanachama aliyekamatwa na maji mara tatu hunyang'anywa ng'ombe. Kamati haikuchelewa, hasa kwa kuwa wa kupewa alikuwepo. Kamisi alikuja Alhamisi na aliondoka Alhamisi, amesimama nyuma ya gari dogo la mizigo, ndama wake amefungwa miguu pembeni yake. Poni alitembea nyuma ya gari hadi barabara kuu, halafu akarudi.

Jumatatu iliyofuata, katekista Adrabo alifika na mkebe wake wa kwanza kituo chetu cha Arua, ambako Mama Concy na karani walikuwa zamu wiki hiyo. Laktomita ikasoma ishirini na tano.

Tafadhali msomaji aangalie kilichotokea hapo, kwa sababu hapo ndipo aibu yetu ilipo. Hakuna aliyechukua chaki. Hakuna aliyenong'ona. Mama Concy aliifuta laktomita na kupima tena, akidhani kosa ni la kioo. Kwa Poni hakuwahi kupima mara mbili. Chombo hakikujua jina la mtu, ni kweli, lakini sisi tulioshika chombo tulilijua vizuri kabisa. Katekista haongezi maji, tulisema. Mwanamke wa Kuluba asiye na mtu kwenye kamati, tulisema nini? Hatukusema kitu, tuliandika.

Kesho yake, alfajiri, Mama Concy alikuwa Dadamu kwenye zizi la Adrabo. Alimkamua Kamisi kwa mikono yake mwenyewe, kutoka kwenye titi hadi kwenye ndoo kavu. Akasubiri maziwa yapoe, maana maziwa ya moto huidanganya laktomita. Ishirini na tano. Alirudi ofisini bila kunywa chai na kumwomba karani daftari lake la mafuta. Tulilifungua kwenye ukurasa wa Jumatano ya pili ya Januari. Mwandiko ni wa karani, wino wa buluu: Poni, Kuluba, mafuta 4.9, namba ya juu kuliko zote kwenye ukurasa huo.

Maji hayachagui. Ukiyatia kwenye maziwa yanashusha kila kitu, uzito na mafuta pamoja. Maziwa yenye maji hayawezi kuwa na mafuta mengi kuliko ya wenzake wote kwenye foleni. Kinachofanya hivyo ni njaa. Ng'ombe aliyezaa juzi, mwenye damu ya maziwa mengi na zizi lisilo na chakula, huyeyusha mafuta ya mgongo wake mwenyewe na kuyatoa kwenye titi. Protini inapungua, mafuta yanapanda, maziwa yanakuwa mepesi, na laktomita inazama kana kwamba kuna maji. Kamisi alikuwa anajila mwenyewe ili alishe watu, na alikuwa anatuambia hivyo kila asubuhi. Nusu ya habari ilikuwa juu ya meza, nusu nyingine ndani ya droo.

Hapa naomba niache kujiita karani na niseme mimi. Namba ile niliiandika mimi. Nilizungusha sinia, nikasoma 4.9, nikaandika, nikafunga droo, nikatoka nje kusoma jina la Poni kwa sauti. Mama Concy hajawahi kunilaumu hata siku moja. Alisema daftari la mafuta alipaswa kuliomba yeye. Mimi najua lilikuwa langu kulitoa.

Alichofanya Mama Concy baadaye kinajulikana na kila mzee wa Koboko, lakini vijana wetu wengi hawakijui. Aliitisha kamati, akaeleza, akadai Kamisi arudishwe. Adrabo alimfunga Kamisi kamba yeye mwenyewe, akasema atangoja zamu yake, Mungu hana haraka. Kisha Mama Concy alikwenda kwenye ubao, akafuta jina la Poni, na mahali pale pale akaandika: Drateru Concy, alikosea. Akaagiza lisomwe asubuhi kumi na tisa. Asubuhi ya kwanza nililiruka, akasimama pembeni yangu mpaka nikalisoma. Asubuhi ya kumi na tisa bado alikuwa amesimama pale pale.

Poni hakusamehe. Ni vizuri kulisema wazi, kwa sababu kwenye sherehe kama hizi watu husamehewa upesi mno. Ng'ombe aliporudishwa alimpokea, akamwangalia kwato, na kumwambia Mama Concy mbele yetu sote: "Ubao wewe nafuta. Mudomo ya watu, nani nafuta?" Kuanzia siku hiyo maziwa yake aliwauzia akina mama wa chai mjini Koboko. Kituoni hakukanyaga.

Mama Concy alianza kwenda Kuluba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa bodaboda, na mfuko wake mgongoni. Alipima maziwa ya Kamisi mlangoni, akasema namba zote mbili, ya laktomita ya siku hiyo na ya mafuta ya sampuli aliyoibeba safari iliyopita, akasema la kufanya: maganda ya mhogo yakaushwe juani vizuri kabla ya kulishwa, majani ya viazi vitamu yasitupwe, mashudu ya simsim kopo moja asubuhi na moja jioni, maji yawepo muda wote. Kisha akapanda bodaboda na kurudi. Miezi minne ya kwanza alipima akiwa amesimama. Mwezi wa tano alikuta kigoda. Mwezi wa tisa, Poni alimwekea chai ya maziwa, na hapo mambo yakaharibika kidogo, kwa sababu Mama Concy aliomba ya rangi.

Hili nalo linahitaji maelezo. Katika miaka yote ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwona Mama Concy akinywa maziwa ya mwanachama, hata tone ndani ya chai. Sampuli zilizobaki zilikwenda kwa paka wa kituo, ambao wamekuwa wakinenepa kizazi hadi kizazi. Wapo waliosema tumbo lake halipatani na maziwa. Ukweli ni kwamba aliapa siku ya kwanza ya kazi: mpimaji anayekunywa kwa mtu hawezi kumpima mtu huyo. Alimweleza Poni hivyo. Poni alimwaga chai ile, akapika ya rangi.

Aprili 2010, mwezi wa kumi na nne, kituo cha Koboko kilifunguliwa na Poni akiwa wa kwanza kwenye foleni. Laktomita ilisoma thelathini. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama Concy aliandika namba ya mafuta mbele ya namba ya laktomita, kwenye daftari moja, maana madaftari yalikuwa yamekwisha kuunganishwa, na Poni akarudi na mkebe wake mtupu. Ndama jike alikuja mwaka huo huo, akaenda kwa Adrabo kama ilivyotakiwa.

Ubao haukuondolewa. Hadi leo uko pale pale, lakini hauandikwi jina la mtu. Unaandikwa ng'ombe wa upande gani wamepungukiwa na nini wiki hii, na wapewe nini. Mwaka 2018 tulipata mashine ndogo ya umeme inayosoma mafuta na protini kwa dakika moja, na karatasi za kupimia urea, ambazo hubadilika rangi kuonyesha kama chakula cha ng'ombe kina protini nyingi mno au kidogo mno. Mkono wangu wa kulia ulistaafu siku hiyo. Vijana waliifurahia mashine. Mama Concy aliwaambia hivi: "Ngombe iko nasema kila asubuhi. Mutu hapana sikia, sababu yeye iko naangalia povu tu."

Vituko havikukosekana. Mwalimu Enoch wa Awindiri, msomi wetu, alisoma mahali fulani kwamba pumba za mahindi huongeza maziwa, akawajaza ng'ombe wake pumba mpaka wakasahau nyasi zina ladha gani. Maziwa yaliongezeka, kweli. Mafuta yakaanguka hadi 2.6, chini ya protini, na Mama Concy akamtumia ujumbe kwamba ng'ombe wake wana kiungulia. Mwalimu alikuja kubisha akiwa na kitabu. Alirudi akiwa na orodha ya majani ya tembo ya kukata. Wiki tatu baadaye mafuta yalikuwa 3.7, na kitabu hatujakiona tena.

Mzee Sunday wa Dadamu naye alipanda kaliandra, kichaka cha malisho chenye protini nyingi, shamba zima, akawalisha ng'ombe majani hayo asubuhi, mchana na jioni, kwa imani kwamba kizuri hakizidi. Karatasi ya urea iligeuka kijani ambacho hatukuwahi kukiona. Mama Concy alimweleza kwamba protini isiyo na chakula cha nguvu pembeni yake inapita tu na kutoka na mkojo, ni sawa na kumlipa fundi na kumnyima matofali. Mzee akaongeza maganda makavu ya mhogo, akapunguza majani, na ng'ombe aliyekuwa hashiki mimba kwa mwaka mzima akashika. Mzee anadai aliombea. Mama Concy hakumpinga.

Mafanikio yake tunayaandika kwa ufupi kwa sababu yeye hapendi kuyasikia. Tangu mwaka 2009 hakuna mwanachama wa Enyau aliyetuhumiwa kutia maji kabla ya ng'ombe wake kukamuliwa mbele ya mpimaji. Walipatikana watatu waliotia kweli. Kiangazi cha 2022, kilichokuwa kibaya kuliko cha 2009, tuliona mafuta yakipanda na protini ikishuka upande wa Kuluba mapema, wiki ya pili ya Desemba, na majani makavu yalikuwa yamefika kabla mbavu hazijaanza kuhesabika. Amefundisha wapimaji tisa. Wa mwisho, Phiona, ndiye anayekalia kiti chake kuanzia leo, na tayari ana tundu la kwanza la asidi kwenye koti lake, ingawa asidi hatuitumii tena ila kwa mafunzo.

Nimalizie na Jumatatu yenyewe. Poni, ambaye kwa miaka kumi na mitano amekuwa wa kwanza au wa pili kwenye foleni, siku hiyo alisimama kando na kuwapisha wote, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake. Maziwa yalikuwa ya mjukuu wa Kamisi. Mama Concy aliyapima yote bila kuharakisha: laktomita thelathini, mafuta 4.1, protini 3.4, urea sawa. Akapima mara ya pili. Nikaandika. Kisha akavua koti, akalitundika, akatia sahihi, kama nilivyoeleza mwanzoni.

Poni alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa amebakiza maziwa kwenye chupa, akaomba jiko letu la mkaa, akayachemsha mpaka yakapanda, akayamimina kwenye kikombe cha bati alichokuja nacho ndani ya kitenge. Akakiweka mezani, mahali pa daftari. Akasema: "Sasa wewe hapana mupimaji tena. Kunywa."

Mama Concy aliutazama msumari wenye koti. Halafu akaketi na kunywa, polepole, kwa sababu yalikuwa ya moto, na kwa sababu alikuwa analia. Alikunywa yote. Poni alisuuza kikombe, akakifunga kwenye kitenge, akampa mkono. Kilichokuwa midomoni mwa watu kwa miaka kumi na sita, sijui kama kimefutika. Najua aliyelisoma jina la Poni kwa sauti nilikuwa mimi, na ndiyo maana Jumamosi nitayasoma haya kwa sauti pia, mbele ya wote.

Mama Concy, ushirika unakushukuru kwa mikebe yote uliyoipokea, na zaidi kwa ule uliokosea kuukataa ukakubali kosa lako mchana kweupe. Nenda Awindiri ukapumzike, uwe na afya na wajukuu wasumbufu kiasi. Maisha yawe mema kwako, na kuanzia sasa chai yako iwe ya maziwa.